Miguu ya Mgeni wa Nyika

Aflah bin Ghassan alikuwa na vitu vingi vya kugawana na watu na kimoja tu cha peke yake. Nyumba ya Azaiba, pembeni mwa Maskati, ilikuwa ya wote. Sebule ilikuwa ya mashemeji zake, waliokuja kila Alkhamisi wakakaa mpaka birika la kahawa likakauka. Gari lilikuwa la kumpeleka Masouda, mkewe, kununua nyuzi. Hata jina lake mwenyewe lilikuwa la kuazima, maana mtaani alikuwa Baba Manal, kwa binti aliyeolewa Salala na aliyepiga simu kila jioni kuzungumza na mama yake. Yeye alifikiwa mwisho, simu ikiwa imeshapata moto. "Baba hujambo? Haya, mpe tena mama."

Cha peke yake kilikuwa ziwa.

Ukitoka Azaiba ukaipa bahari mgongo, ukayapita maghala na karakana za magari, barabara inakuingiza kwenye uwanda wa changarawe na migunga mifupi, mahali ambapo mtu hana sababu ya kwenda. Mbele unakuta waya, na nyuma ya waya, maji. Asili ya maji hayo si ya kutajwa mezani. Ni maji yaliyotumika mjini, yakasafishwa, yakaachiwa huko uwandani, na kwa miaka yakaotesha matete na majani marefu ya kufika kifuani. Watu wakisikia hivyo hukunja pua, ingawa hapana harufu ila ya tope na majani mabichi. Ndege hawakukunja pua. Walikuja bata kutoka kaskazini, kulastara, yangeyange, vitwitwi wasiotulia, na miaka mingine heroe wawili watatu waliosimama kama wamesahauliwa. Wachache waliopajua walipaita Ziwa la Nyuma.

Aflah alipajua miaka kumi na moja. Alipagundua angali kazini, karani wa masjala katika wizara moja kule Maskati, siku alipokosea njia akitoka kununua taa ya gari. Miaka thelathini na mbili alikuwa akiandika barua za watu wengine katika vitabu vikubwa: imetoka kwa nani, imekwenda kwa nani, tarehe gani. Mwandiko wake ulisifiwa na wakubwa watano, mmoja baada ya mwingine, na wote watano walipandishwa vyeo yeye akibaki na mwandiko. Siku ile aliegesha gari penye waya, akaona ndege mia mbili wanaruka kwa pamoja na kugeuka hewani kama shuka inayokung'utwa. Wiki ya pili akanunua darubini.

Ukingoni palikuwa na kibanda cha mbao chenye dirisha refu jembamba, na ndani ya kibanda daftari kubwa ambamo kila aliyekuja aliandika alichokiona. Kwa mtu wa masjala, daftari lile lilikuwa kama kukaribishwa nyumbani. Na ndani ya daftari lile, miaka tisa nyuma, mwezi wa Januari, palikuwa na mistari aliyoijua kwa moyo:

*Mgeni wa nyika, mmoja. Miguu myeusi. Amesimama topeni, ukingo wa mashariki, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ameona: Aflah bin Ghassan.*

Mgeni wa nyika ni jina alilompa mwenyewe. Ni ndege wa nyika za majani za mbali kaskazini, ambako upepo hauna cha kuukinga, na idadi yake duniani inapungua. Yuko ndege mwingine anayemshabihi akiwa mbali, ambaye huja Ziwa la Nyuma kila mwaka na hakuna anayemshangaa. Huyo Aflah alimwita mkia-mweupe. Tofauti yao, kwa anayejua, haifichiki: mkia-mweupe ana miguu mirefu ya njano, na mgeni wa nyika ana miguu myeusi. Tena mgeni wa nyika ana utepe mweusi mkiani, na mwenzake mkia wake ni mweupe mtupu.

Katika miaka yote ya Ziwa la Nyuma, mgeni wa nyika alionekana mara moja tu, na aliyemwona alikuwa Aflah.

Mwaka huu kikundi cha watazama ndege kiliamua kusimamisha ubao mkubwa langoni, ili watu wa mjini walijue ziwa lao. Kiongozi wao, Yaqdhan, mwalimu wa chuo kikuu aliyekuwa na adabu za kizamani kwenye umri wa kisasa, alimpigia Aflah mwenyewe.

"Ami, juu kabisa ya ubao tutaweka ndege wako. Na jina lako chini yake."

Aflah aliweka simu mezani, akaikazia macho. Kisha akampigia Manal, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alizungumza yeye kwanza.

Habari ya ubao ndiyo iliyomtoa Masouda nyumbani. Miaka yote aliliacha ziwa kama wanawake wanavyoyaacha mambo ya wanaume yasiyo na madhara. Lakini Alkhamisi moja mdogo wake, Taghreed, aliyekuwa na ulimi wa kukatia sufi, aliuliza mbele ya watu:

"Shemeji, hao bata wanajua kunusa?"

"Kwa nini?"

"Maana nakuona kila Jumamosi unajifukiza udi kabla hujatoka. Dada, mumeo huyu! Mfuate. Huenda bata mmoja ana wanja."

Sebule nzima ilicheka, na Masouda akacheka kuliko wote, lakini Jumamosi iliyofuata alikuwa ameshavaa viatu vya kutembelea kabla Aflah hajamaliza nyiradi zake za baada ya sala.

"Nakwenda nawe."

"Kuna mbu."

"Nnajua mbu."

"Njia mbaya, Mama Manal. Mawe."

"Basi utanishika mkono," akasema, akaenda kukaa garini.

Masouda alikuwa mshona kofia. Mama yake alishona Unguja, bibi yake kabla ya hapo, na alipoletwa Oman ana miaka saba alikuja na sindano ndani ya kikebe cha haluwa. Kofia za mkono, zile za vitundu, ambazo kila kitundu huzungushiwa uzi kikawa jicho dogo. Kofia moja ina maelfu ya macho, na Masouda alishona miezi mitatu kofia moja, na wanaume wa Maskati walingoja zamu. Hakuwahi kumsifu mshonaji mwingine. Akiletewa kofia ya mtu aitazame huinyoosha kwenye mwanga, akanyamaza, akairudisha. Na kunyamaza huko ndiko kulikokuwa hukumu.

Langoni pa Ziwa la Nyuma palikuwa na mlinzi, Sleyum, mtu wa Bustan, mrefu, mkimya. Miaka tisa, tangu aanze kazi pale, yeye na Aflah walisalimiana kwa Kiarabu, salamu kamili isiyopungua wala kuzidi. Siku hiyo Masouda alijikwaa kwenye jiwe la kizingiti akapiga yowe, "Ala! Jiwe gani hili lisilo na heshima!"

Sleyum akaruka kwenye kiti chake. "Pole, mama! Na nimelisema sana jiwe hilo, halisikii."

Kwa Kiswahili. Kiswahili cha Pemba, kilichonyooka kama mwanzi.

"Wewe mtoto wa nani?" Masouda akauliza, na kabla Aflah hajafungua mkoba wa darubini mazungumzo yao yalikuwa yameshafika kwa mama yake Sleyum, Bi Noof, aliyezaliwa Chake Chake, na kwa shangazi wa Bi Noof aliyesoma chuo kimoja cha Kurani na bibi yake Masouda. Sleyum alileta kiti. Kiti! Kwa miaka tisa Aflah alikalia ubao wa kibandani uliotoa vibanzi. Halafu akaleta na tende.

"Hukuniambia unajua Kiswahili," Aflah alimwambia, akijaribu kucheka.

"Hukuniuliza, Bwana Aflah," alisema Sleyum kwa upole.

Kitu kidogo kilimchoma Aflah chini ya mbavu siku hiyo, kama sindano iliyoachwa kwenye nguo. Hakukipa jina.

Kibandani alimfundisha mkewe, na mwanzo ilikuwa raha. Huyu yangeyange. Huyu kulastara, mwangalie shingo. Masouda alisikiliza, akatafuna tende. Kisha akauliza, "Na yule?"

"Yupi?"

"Yule aliyeshonwa kifuani mistari ya kulala. Pale, nyuma ya tete lililovunjika."

Aflah hakuona kitu. Alitafuta kwa darubini mpaka macho yakatoka machozi. Masouda, kwa macho matupu, alimwelekeza kidogo kidogo kama anayemvusha kipofu barabara, na mwishowe palipokuwa pakavu na rangi ya majani pakafungua jicho, na ndege akawa ndege.

"Huyo hukaa miezi asionekane," Aflah alisema polepole. Yeye mwenyewe alimwona mara mbili katika miaka kumi na moja.

"Maskini," alisema Masouda. "Kwani anajificha? Mie nilidhani amekaa tu."

Wiki zilizofuata ziliendelea hivyo. Hakuyajua majina na hakuyataka. Aliwaita ndege kwa kazi ya sindano. Huyu ni wa kiua. Huyu mshonaji wake alikuwa na haraka. Huyu ametiwa uzi wa pili juu ya jicho. Na alichokisema kilikuwa kweli kila mara. Alihesabu vitwitwi themanini na tatu wakati Aflah alipata sabini na kitu, wakaruka, wakatua upya kwa mstari, na walikuwa themanini na tatu. Wageni waliofika kibandani, ambao zamani walimwuliza Aflah, sasa walimwuliza Masouda. Yeye akabaki kuandika. "Andika, Baba Manal," mkewe alimwambia, bila ubaya wowote, "wewe ndiye mwenye mwandiko."

Angekuwa na ubaya ingekuwa nafuu. Mtu humkasirikia mwenye ubaya. Aflah alikuwa akiendesha gari kurudi Azaiba, mkewe kando yake akisinzia na mashungi yake yamelegea, naye akiuchukia utulivu wa uso ule alioupenda miaka thelathini na minne. Ana kofia zake, aliwaza. Ana dada zake, ana Manal, ana sebule. Mungu amempa macho, akampa na mdomo wa kupendwa na kila mlinzi. Mie nilikuwa na dimbwi moja la maji machafu, na hilo nalo amelitaka. Kisha aliona haya, akamrekebishia kiyoyozi kisimpige usoni. Haya ikaisha kabla ya taa za barabarani, ule uchomo ukabaki.

Ikaja Januari, na siku ya kuhesabu ndege wa kipupwe. Yaqdhan alifika na darubini kubwa ya miguu mitatu, akawapanga watu ukingoni. Aflah na Masouda walipewa mashariki.

Jua lilikuwa halijatoka. Maji yalikuwa rangi ya bati. Mbele yao, topeni, alisimama ndege mmoja peke yake, wa rangi ya mchanga, na miguu yake ilikuwa myeusi.

Moyo wa Aflah ulipiga mara moja kwa nguvu kisha ukawa kama umekaa chini. Alinyanyua darubini. Miguu myeusi. Miaka tisa, pale pale, saa ile ile. Alifungua mdomo amwite Yaqdhan, aliyekuwa hatua kumi nyuma yao.

"Huyu amevaa soksi," alisema Masouda.

"Nini?"

"Ndege huyu. Ametoka kwenye tope, limemgandia. Tazama, juu kwenye goti panaonekana rangi." Akasubiri kidogo. "Haya, sasa anaingia majini. Mtazame akitoka."

Ndege aliingia majini, akatembea hatua nne tano, taratibu, kama mtu anayevuka uwani bila kutaka kuamsha watu. Akatoka upande wa pili. Miguu yake ilikuwa ya njano, njano safi ya ndimu mbivu. Akaruka, na mkia wake ukafunguka mweupe mtupu.

"Mkia-mweupe," alisema Yaqdhan nyuma yao, akicheka kwa furaha na kumgeukia Masouda. "Khalati, wallahi mie ningedanganyika! Kwa mwanga huu na tope lile, mtu yeyote angeandika miguu myeusi."

Kisha akaikumbuka ile mistari ya Januari. Yaqdhan alikuwa kijana wa adabu. Aliinamia daftari lake. Masouda aligeuka akamtazama mumewe, jicho moja tu, la haraka, kama anavyoitazama kofia kabla ya kuinyoosha kwenye mwanga. Halafu akatazama maji.

Walipofika nyumbani Masouda alishika sindano yake, na baada ya kushona vitundu kama kumi aliuliza bila kuinua kichwa:

"Yule ndege wako wa mwaka ule. Miguu yake ilikuwaje?"

"Myeusi."

"Na mkia?"

"Sikuuona mkia."

Akaendelea kushona.

Mkia aliuona. Huo ndio uliokuwa mwiba wake wa miaka tisa. Asubuhi ile ndege aliruka, na kabla hajazama kwenye matete mkia ulifunguka mbele ya macho ya Aflah, mweupe, bila utepe. Alijiambia mwanga ulikuwa mdogo, kisha akajiambia utepe huenda ulikuwapo. Akaandika miguu, mkia akauacha. Miaka thelathini na mbili kazini hakuwahi kuacha neno la barua ya mtu. Lile la kwake aliliacha. Na sasa yuko mtu mmoja duniani aliyejua, au aliyekaribia kujua, na mtu huyo alikuwa akila naye sahani moja.

Siku mbili baadaye Yaqdhan akapiga simu.

"Ami, mambo mawili. Ubao unakwenda kuchapwa Jumapili ijayo. Nitumie maneno machache juu ya asubuhi ile uliyomwona mgeni wa nyika. La pili, tumekubaliana kwenye kikundi kwamba khalati ashike ukingo wa mashariki, moja kwa moja. Tumpe kitambulisho na darubini. Watu kama yeye hatuna. Muulize kama ataridhia."

Masouda alikuwa jikoni, anakuna nazi na kuimba kwa puani. Aflah aliutazama mlango wa jikoni.

"Hataweza," alisema. "Goti. Goti limemshika vibaya sana, hatoki kitandani."

"Lahaula! Tangu lini?"

"Tangu juzi. Baridi ya alfajiri."

"Mungu ampe shifaa," alisema Yaqdhan, kwa huzuni ya kweli, na Aflah akakata simu akijihisi mwepesi kama mwizi aliyeupita ukuta.

Alisahau anaishi wapi. Katika mji ule huwezi kumsingizia mtu ugonjwa ukaachwa upumue. Yaqdhan alimwambia Sleyum kwa huruma, Sleyum akamwambia mama yake, na kesho yake baada ya Alasiri kengele ya mlango ililia. Aflah alifungua. Alisimama Bi Noof wa Bustan, mfupi, mnene, amejaa udi, na nyuma yake Sleyum amebeba sufuria la uji wa hulba, ule wa uwatu, kopo la haluwa na fuko la machungwa.

"Mgonjwa yu wapi?" Bi Noof akauliza, akaingia.

Mgonjwa alikuwa sebuleni juu ya kiti, mikono juu, anatundika mapazia.

Bi Noof alilitazama goti, akalitazama pazia. Sleyum alilitazama sufuria.

"Tumesikia goti," alisema Bi Noof, "limekulaza kitandani."

Masouda hakumtazama mumewe. Alishuka kitini polepole, polepole mno, mguu mmoja ukitafuta sakafu kama unaogopa moto, na mkono ukaenda wenyewe mpaka gotini.

"Yaa Bi Noof, karibuni, karibuni! Alhamdulillahi leo afadhali. Baba Manal ametoka kunigombeza sasa hivi, nishuke. Nnakaidi, mie. Mtu akilala siku mbili anaona mapazia yamekuwa machafu."

"Ndivyo tulivyo wote!" Bi Noof alipumua, akaketi. "Hili goti si la kuchezea. Lipake mafuta ya simsim, ulifunge." Na saa nzima waliyazungumza magoti ya Pemba na magoti ya Unguja, Masouda akiguna pale panapotakiwa kuguna, akijinyoosha kwa tahadhari kuchukua kikombe. Alipowasindikiza mlangoni alichechemea, mguu ule ule, hakukosea hata hatua moja.

Aflah alikaa pembeni na kikombe kilichopoa. Hata uongo, aliwaza. Wangu haukumaliza siku mbili. Wake ungefika Pemba na kurudi. Na alichukia kwamba hata pale, akiokolewa, kilichokuwa kikimla kilikuwa wivu.

Mlango ulipofungwa Masouda alirudi wima, akakusanya vikombe.

"Yule kijana alitaka nini hata ukaniua goti?"

Aflah akamweleza. Kitambulisho, darubini, ukingo wa mashariki. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Nawe ukaona bora nilemae."

"Masouda..."

"Ungeniambia tu. Ungesema, Mama Manal, lile ziwa langu, niachie. Ningekuachia. Wallahi ningekuachia, na ningekasirika, halafu yangekwisha. Mie kofia zangu ungezishika ukazishona kunishinda, unadhani ningefurahi?" Aliweka vikombe chini. "Ningekuchoma sindano."

Aflah hakujua kama acheke. Hakucheka.

"Mkia niliuona," akasema. "Ulikuwa mweupe."

"Nnajua," alisema Masouda. "Uliponiambia hukuuona, ulijibu kabla sijamaliza kuuliza."

Jumamosi alfajiri Aflah alimwamsha mkewe. Masouda alijifunika shuka mpaka usoni. "Nenda mwenyewe," alisema kutoka chini ya shuka. "Mie nna goti."

Sleyum alimsalimia kwa Kiswahili, akamwuliza mgonjwa, akampa na kiti. Aflah alikataa kiti. Alikaa kwenye ubao wenye vibanzi, akangoja. Kulipopambazuka walikuwapo mkia-mweupe watatu topeni, na wote watatu walikuwa na miguu myeusi. Aliwatazama kwa saa nzima bila kushusha darubini. Mmoja mmoja waliingia majini, na mmoja mmoja wakatoka na miguu yao ya njano, bila aibu. Ziwa zima lilikuwa likimwonyesha kitu kile kile kila asubuhi kwa miaka tisa, na yeye hakuona ila jina lake lililoandikwa daftarini.

Akalifungua daftari nyuma, nyuma, mpaka Januari ile.

Masjala ina sheria moja ambayo karani mpya hufundishwa siku ya kwanza. Kosa halifutwi. Halichanwi, halipakwi wino mweupe. Hupigwa mstari mmoja mwembamba, ili atakayekuja alisome na ajue lilikuwa nini, na pembeni hutiwa sahihi na tarehe. Aflah aliwahi kuwapigia mistari hiyo wakubwa watano. Aliitoa rula mkobani, akaiweka chini ya maneno *mgeni wa nyika*. Akapiga mstari. Chini yake akaandika:

*Mkia-mweupe. Miguu ilikuwa na tope. Mkia ulionekana mweupe mtupu na haukuandikwa. Ameligundua kosa: Masouda binti Aws, kutoka ukingo wa mashariki. Amesahihisha: Aflah bin Ghassan.*

Kisha akampigia Yaqdhan.

"Basi juu ya ubao tuweke nini, ami?" aliuliza Yaqdhan.

"Weka bata."

"Na goti la khalati?"

"Limepona," alisema Aflah. "Mpigie mwenyewe. Nitakupa namba yake."

Masouda alirudi ziwani wiki ya pili, na kitambulisho kipya shingoni, kilichoning'inia juu ya baibui kama nishani. Sleyum alisimama alipomwona. Wageni wawili walimwuliza jambo kabla hajafika kibandani. Aflah alitembea nyuma akibeba chupa ya chai, na ule uchomo chini ya mbavu ulikuwapo pale pale, haukuwa umehama, labda umepungua urefu.

Ndani ya kibanda alimfungulia daftari, akajifanya anasafisha vioo vya darubini. Masouda alilichukua. Alilinyanyua, akalinyoosha kwenye mwanga wa dirisha jembamba, kama anavyofanya, na akanyamaza. Aflah aliujua unyamavu huo. Alisugua kioo kile kile mara ya tatu.

"Mstari umenyooka," alisema Masouda.

Akalifunga daftari, akalirudisha mahali pake. Aliegemea dirishani, na mara ile ile akakunja jicho moja.

"Loo! Baba Manal, huyu ni mpya. Ametiwa uzi mwekundu mdomoni, hapa karibu kabisa."

Aflah alinyanyua darubini, akapitisha matete, akapitisha maji, akarudi. Hapakuwa na kitu ila majani na mwanga. Wivu ukampanda mpaka kooni, wa moto, mzima, kama wa siku ya kwanza.

"Wapi?" akauliza.